Upawa wa Bibi na Nzumari Yangu

Kila jioni, magharibi ikishaswaliwa, simu yangu hulia na kuniuliza swali ambalo bibi yangu hakuwahi kuniuliza hata mara moja: mtoto amejisikiaje leo wakati wa mazoezi? Swali linatoka kwa mwalimu wa muziki wa binti yangu, kijana mpole wa kutoka bara anayefundisha kinanda hapa Ukunda. Amepanga kwamba kila mzazi amwandikie mtoto amefanya mazoezi kwa muda gani, amepiga nini, amekosea wapi, na mwisho, hapo ndipo damu hunichemka, amejisikiaje. Ukisahau hakugombezi. Hukutumia ujumbe wa upole: "Mzazi, sijaona ya jana. Ama mtoi alilala?"

Niandike nini, mwenzangu? Binti yangu huingia chumbani, huvaa hedifoni zake kubwa, hufunga mlango, na kinanda chenyewe ni cha umeme, hakitoi nje sauti hata ya kumshtua nzi. Kinachosikika ni vidole vikigonga plastiki. Kuna na programu kwenye simu yake inayompa nyota kila akimaliza somo na kumpigia makofi, makofi ya watu ambao hawapo. Nikimuuliza kama amefanya mazoezi, hunionyesha nyota. Nikimuuliza wimbo wenyewe ukoje, huniambia, mama, si nimekuonyesha nyota. Basi nami huandika kwamba amejisikia vizuri, mwalimu hunirudishia kidole gumba, na siku imekwisha.

Juzi ujumbe uliponikuta jikoni nikikata pakiti ya tui kwa mkasi, nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyechoka. Maana mimi nimewahi kufuatiliwa mazoezi. Nilifuatiliwa na mtaa mzima, kwa njia ya chakula, na hakuna aliyetaka kujua nilijisikiaje.

Tulikuwa tukikaa Mwabungo, katika nyumba ya bibi, mimi na mama na mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Mama alifanya kazi ya kufua katika hoteli moja ya Diani. Aliondoka alfajiri na kurudi mikono imekunjamana kwa sabuni. Mimi nilibaki na bibi, na kubaki na bibi kulikuwa na kazi zake: kuchota maji kisimani, kukusanya vifuu vya kuchochea moto, kukalia mbuzi na kukuna nazi mpaka kiganja kinawaka. Machicha tuliwatupia kuku. Hata leo nikisikia harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, kiganja huniwasha.

Bibi alikuwa mpishi, na si mpishi wa nyumbani tu. Kukiwa na harusi Mwabungo au Galu, mtu wa kwanza kupelekewa habari alikuwa yeye, kabla hata ya wajomba. Yeye ndiye aliyeshika upawa, na wanawake wengine walikata vitunguu wakimngoja aseme. Mchuzi wake wa nazi ulikuwa mzito, laini, hauna hata chembe, na watu waliusifu kwa kunyamaza wakati wa kula.

Kaka yake bibi, aliyekaa Bongwe, alikuwa fundi wa nzumari. Ndiye aliyepulizia maharusi wote wa upande wetu, na bibi mwenyewe alitolewa kwao kwa nzumari ya baba yao. Lakini fundi alishikwa na pumu, na kila mwaka pumzi yake ilizidi kuwa fupi. Vijana wa nyumba yao walikuwa wamekimbilia ufukweni kuwauzia wageni shanga, na nzumari hawakuitaka. Bibi akaanza kuingiwa na hofu. Alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba mwanawe wa mwisho hatatolewa nyumbani kwa spika ya kukodi, kama sanduku linalohamishwa. Atatolewa kwa nzumari au hatatoka. Mama mdogo alikuwa ameshaposwa na watu wa Msambweni.

Ijumaa moja fundi akaja kwa baiskeli yake, akakaa barazani akihema, akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakatua kwangu. Nilikuwa msichana mwembamba, na sifa yangu moja mtaani ilikuwa kulia. Nikianza kulia, watu wa barabarani walisimama. Fundi akaniambia nilie kidogo asikie. Sikuwa na sababu ya kulia, akanifinya, nikalia. Akatikisa kichwa akasema pumzi ipo.

Ustadhi aliyetusomesha chuoni hakupendezwa. Alimwambia bibi kwamba nzumari yenyewe ni jambo la kuuliza, na kumpa mtoto wa kike ni jambo lisilo na haja ya kuuliza. Bibi alimsikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha chai, akamwambia kwamba yeye hajaona popote pumzi ikiandikwa ni ya mke au ya mume. Ustadhi akanywa chai. Na jambo la kuudhi ni kwamba kuanzia hapo naye akawa miongoni mwa wanaonifuatilia. Kabla hatujafungua juzuu huniuliza, jana mbona uliishia katikati?

Mtu asiyejua hudhani kupiga nzumari ni vidole. Vidole hujifunza upesi. Taabu ni kwamba nzumari haipumziki. Sauti yake hutoka mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, na anayepuliza hana ruhusa ya kusimama avute hewa. Fundi alinifundisha kwa maneno machache: pua inywe, shavu liweke, mdomo utoe, vyote kwa pamoja. Hakunipa nzumari. Alikata bua la mpapai, lile lenye tundu, akalitia ndani ya glasi ya maji, akaniambia nipulize mapovu yasikatike. Yakikatika, bado sijui. Kisha akamwambia bibi nisikose hata siku moja, na asinikubali kwa maneno, maana mtoto atasema amepuliza.

Bibi hakujua kupiga chochote, hata kopo. Na saa ya mazoezi, baada ya alasiri, ndiyo saa aliyokuwa na tui motoni, na wewe unajua tui la nazi halitaki kuachwa. Ukiliacha kidogo tu linapoanza kuchemka, linakatika: mafuta kando, maji kando, chembe nyeupe zinaelea kama kitu kilichoharibika. Inabidi mtu asimame nalo, ateke na kumimina, ateke na kumimina, upawa ukikwaruza sufuria chini, mpaka litulie. Basi bibi hakuweza kuja kunitazama. Akaniweka kizingitini mwa jiko, mgongo kwake, na glasi yangu na bua langu. Akaniambia:

"Ukipuliza, nakoroga. Ukinyamaza, nami nanyamaza."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Siku ya kwanza nilipuliza kidogo, nikasikia kizunguzungu, nikaacha nimtazame kuku. Nyuma yangu upawa ukanyamaza. Nikageuka nikamkuta bibi amesimama mbele ya sufuria, mkono umeinuliwa, upawa unadondosha tui, anaitazama sufuria yake ikiharibika wala hatikisiki. Nikawahi bua. Nilikuwa nimechelewa.

Jioni mama alirudi, akafunuliwa mchuzi wa papa wenye chengachenga, akauliza kumepita nini. Bibi akamwambia amuulize mwanawe. Mama akasema amefua mashuka ya watu kutwa nzima, na haoni kosa lake liko wapi mpaka ale mazoezi ya mtoto. Lakini alikula. Sote tulikula. Mama mdogo alikula akinitazama, maana harusi ilikuwa yake.

Wala mambo hayakuishia nyumbani. Bibi alikuwa na mazoea ya kupeleka mabakuli. Jirani yetu wa ubavuni, mwanamke aliyeshinda nyuma ya ua akishona makuti, alipata lake kila siku, na nyumba za nyuma kule kwenye minazi zilipata yao kwa zamu. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme. Nilifikiri siku ya mchuzi uliokatika mabakuli yatapumzika. Bibi akayajaza kama kawaida na mimi ndiye niliyetumwa kuyabeba. Nilimwambia, bibi, leo tusipeleke. Akaniuliza mtu aliyemzoesha bakuli atamnyima kwa lipi.

Jirani yule alijua, kwa sababu ua ulikuwa wa makuti na alisikia kila povu. Siku moja alirudisha bakuli, na kwa kuwa kwetu bakuli halirudi tupu, alitia ndani bua la mpapai, limekatwa vizuri na kuoshwa. Nilitamani ardhi inimeze. Alicheka mpaka akaweka makuti chini. Lakini nyumba za nyuma hazikusikia mapovu. Walipata mchuzi tu, leo mzuri, kesho umekatika, kesho kutwa umekatika tena. Hilo mimi sikulifikiria. Nilikuwa mtoto, na nilidhani dunia nzima inajua kosa ni langu, jambo lililonikera usiku na mchana.

Nikapuliza. Ungefanya nini? Nilipuliza nikiwa na mafua, nilipuliza nikiwa na njaa, nilipuliza huku wenzangu wakipita na mpira wa matambara wakiniita. Nilimchukia bibi kwa moyo wote kuanzia alasiri mpaka magharibi, kisha nikala chakula chake nikamsamehe, na kesho yake nikaanza upya. Siku moja, sijui ilikuwaje, pua ilikunywa yenyewe, shavu likaweka, na mapovu yakaenda tu. Nyuma yangu upawa ukaenda tu. Kwaru, kwaru, kwaru. Tulikwenda hivyo mimi na bibi mpaka tui likatulia na akaliepua. Mchuzi ulikuwa laini, mama akaongeza wali, na hapo ndipo nilipojua nimefaulu.

Baadaye fundi akaniletea nzumari yenyewe. Mti wake ulikuwa umekolea weusi kwa mafuta ya nazi na mikono ya watu, na ulimi wake, ule mdogo wa ukindu mkavu unaoingia mdomoni, ilibidi ulowekwe kwanza kwenye mate. Ilikuwa na ladha ya moshi na ya mdomo wa mzee. Sasa mtaa wote ulinisikia, na kila mtu akawa fundi. Mtu anatoka dukani na mkate wake ananiambia, pale juu unabana. Mchanja kuni ananiambia nisikimbie. Nilikasirika mpaka nikamwambia fundi kwamba nitapigia shimoni. Naye akaniuliza, huko shimoni nani atakuambia umekosea?

Lakini kizingiti kilibaki kile kile na saa ile ile, na mchuzi uliendelea kukatika kila niliposhindwa, maana nzumari ni ngumu kuliko bua. Ilinishinda siku nyingi. Mabakuli nayo yakaendelea kwenda.

Harusi ikafika. Gari la bwana harusi lilisimama barabarani, kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa mchanga mtupu, na bibi harusi alitakiwa kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari, katikati ya minazi, na nzumari isikatike njia nzima. Bibi alishikilia kwamba ikikatika, bibi harusi arudishwe ndani akae tena, aanze upya, asije akaenda kwa mumewe na safari ya vipandevipande. Nimewauliza watu wengi tangu hapo kama hiyo ni desturi ya Wadigo au ilikuwa ya bibi peke yake. Kila mtu ana jibu lake.

Siku hiyo nilimwona bibi ameketi mbele pamoja na wageni, leso mpya, mikono juu ya mapaja. Nilishangaa kidogo kwamba hayuko nyuma kwenye masufuria, kulikokuwa na moshi na kelele za wapishi. Upawa alikuwa nao mwanamke wa nyumba za nyuma. Nilidhani wamempumzisha kwa kuwa ni mama wa bibi harusi, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu kwa mara moja hatakuwa nyuma ya mgongo wangu. Yeye aligeuka mara kwa mara kuutazama ule moshi.

Mama mdogo akasimamishwa mlangoni, amefunikwa. Ngoma zikaanza. Fundi, kwenye kiti chake, akanipa ishara, nikapuliza. Sauti ikatoka safi, vigelegele vikapanda, tukavuka kizingiti, tukapiga hatua chache, na pumzi yangu ikakatika. Ikakatika kabisa, kama taa. Ngoma zikaendelea kidogo kwa aibu, kisha zikanyamaza. Bibi akanyanyua mkono, na bibi harusi akageuzwa akarudishwa ndani.

Tukaanza tena. Ikakatika tena, karibu mahali pale pale. Watu wa Msambweni wakaanza kutazama saa zao. Kijana mmoja akasema yeye ana spika ndani ya gari, ni kuunganisha tu. Mama mdogo, alipokuwa akigeuzwa mara ya pili, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepanga aolewe leo au mwakani. Machozi yalikuwa yananitoka. Fundi akanivuta karibu, akaniuliza nina nini, mbona nyumbani naweza.

Nikamwambia, "Sisikii upawa."

Fundi hakuelewa. Alikuwa haji kwetu ila Ijumaa, na hakujua kwamba kwa muda wote ule pumzi yangu ilijifunza kunywa na kutoa kwa mwendo wa upawa chini ya sufuria, na bila ule mkwaruzo pua yangu haikujua inywe lini. Bibi alielewa. Aliinuka, akajifunga leso yake mpya kiunoni, akaenda nyuma kwa wapishi. Wanawake wakampisha, nadhani walifikiri amekuja kuonja. Akamtoa yule mwanamke upawa mkononi, akaokota sufuria tupu, akarudi akasimama ubavuni kwangu. Akaipakata sufuria kama mtoto, akaanza kukwaruza.

Kwaru, kwaru, kwaru. Nikafumba macho, nikapuliza.

Ndivyo mama mdogo alivyotolewa. Mbele ngoma, katikati bibi harusi, na ubavuni mama yake mzazi anatembea mchangani akikoroga sufuria isiyo na kitu, uso mkavu, macho mbele, kana kwamba ndivyo dunia ilivyoumbwa. Jirani wa makuti alicheka huku analia, akashindwa hata kupiga kigelegele. Watu wa Msambweni walitazama kwa heshima kubwa. Waliamini ni mila, na nasikia mpaka leo wako watu huko wanaosema kwamba Mwabungo bibi harusi hutolewa kwa sufuria. Nzumari haikukatika mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Nilingoja sifa. Nilizingoja kwa hamu ya mtoto aliyeteseka. Bibi alirudisha sufuria kule nyuma, akampa yule mwanamke upawa wake, akachungulia ndani ya chungu kilichokuwa motoni akamwambia, "Tui lenu linataka kukatika. Koroga." Kisha akapita mbele yangu akaniuliza kwa nini sikupuliza hivyo siku zote. Hiyo ndiyo tathmini yangu ya mazoezi, ya kwanza na ya mwisho.

Miaka mingi baadaye bibi alifariki, na katika matanga yake nilikaa na yule jirani, amezeeka, mikono bado inatafuta makuti ya kushona. Nikakumbusha ile harusi tukacheka. Nikasema walifanya vizuri kumpumzisha bibi siku ile. Akaniambia hakupumzishwa. Akaniambia nyumba za nyuma zilikuwa zimeshasema kwa miezi kwamba mkono wa bibi umekwisha, kwamba mchuzi wake sasa ni wa bahati nasibu, na wanawake wakakaa wakaamua kwamba harusi yenye wageni wa mbali hawawezi kumwachia. Wakamnyang'anya upawa kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe. Na baada ya hapo hakuitwa tena kupika popote.

Nilimuuliza jirani kwa nini hakuwaambia, yeye aliyejua. Akasema alitaka kuwaambia na bibi akamkataza. Alimwambia, "Ukiwaambia ni mtoto, watamcheka mtoto, naye ataacha. Mimi wakinicheka sitaacha kupika."

Nilikasirika, mwenzangu, na sijaacha. Alikuwa na kinywa. Angeweza kuniambia mimi, hata neno moja, nikajua nimeshikilia nini pale kizingitini. Ningepuliza mpaka mapafu yatoke. Au labda ningeogopa nikaacha, naye alilijua hilo pia, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Nilimhuzunikia, nikamkasirikia, nikamshukuru, yote kwa mara moja, na yeye yuko chini ya mchanga, hana habari.

Sasa hakuna kilichobaki. Fundi alitangulia kabla yake, na sijampata mtu mwingine wa kukata ulimi wa nzumari. Nilionao umepasuka, na nzumari yenyewe nimeifunga ndani ya leso kabatini. Jiko la bibi limevunjwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Maharusi wanatolewa kwa spika na hakuna anayegeuzwa kurudi ndani. Mabakuli hayatembei, hapa Ukunda jirani yangu wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake. Na tui ninalonunua ni la pakiti, wameliweka dawa gani sijui, halikatiki. Ulikoroge usilikoroge, ulisahau uende sokoni urudi, litakuwa vile vile. Mtoto akifanya mazoezi au asifanye, mchuzi hautasema.

Basi jana nikasema potelea mbali. Nikanunua nazi, nikagonga kwa jirani wa mlango wa pili kuazima mbuzi, tukaamkiana kwa mara ya kwanza kama watu, nikakuna mpaka kiganja kikawaka. Nikamtoa binti yangu chumbani na kinanda chake, nikamwekea juu ya meza karibu na mlango wa jiko, nikamvua hedifoni. Nikamweleza sharti. Akasema, mama, hiyo si haki, wewe utajuaje kama nimekosea na wewe si mwalimu. Nikamwambia apige.

Akapiga. Mwenzangu, mtoto anajua kitu, sikuwa na habari. Upawa wangu ukashika mwendo wake, tui likaanza kupanda, na kwa muda mfupi nilikuwa nimerudi kwetu, ila sasa mimi ndiye niliyesimama upande wa moto. Kisha simu yake ikalia, ile programu imempa nyota, akasimamisha vidole, akaichukua.

Nikainua upawa. Nikangoja. Tui likavimba pembeni, likaanza kuonyesha ule mstari wa mafuta, na yeye bado anatazama simu. Hakuna mgeni aliyekuja kula. Hakuna bakuli linalokwenda popote, hakuna jina langu la upishi la kupotea, ni sufuria moja tu kwangu mwenyewe. Nikajiambia, ngoja. Nikajiambia, subiri kidogo tu.

Mkono ukashuka wenyewe ukakoroga.

Mchuzi ulitulia ukawa laini, hauna hata chembe. Simu ikalia, mwalimu anauliza amejisikiaje, sikumjibu. Binti yangu alikula akaongeza, akaramba na vidole, akaniambia leo nimepika hasa, kumbe nina mkono kama wa yule bibi yangu. Nikaondoka mezani nikaenda kuosha sufuria.